Kozi ya Saba

Machi 4

Mama yako amekufa. Jumatatu, saa nne asubuhi. Tumeshazika.

Mimi mzima. Wewe sikuulizi.

Wiki tatu amekaa mbele ya hiyo kompyuta uliyomletea, anataka akuone uso. Inashika dakika mbili, inakata. Anaongea nayo peke yake, anasema mwanangu atasikia. Hukusikia. Mtu kazi yake ofisini kutengeneza kompyuta za watu, ya mama yake imemshinda.

Usinipigie simu. Sauti yako siitaki. Ukiwa na neno, andika.

Baba yako

Machi 11

Shikamoo Baba. Naiandika kwa sababu Mama alinifundisha, si kwa sababu umeistahili.

Umenizikia mama yangu kwa barua? Simu si unayo mfukoni?

Nilimwambia akupe simu nikuelekeze. Nilikusikia nyuma yake: "Mimi nabeba zege, si fundi redio." Dakika tano tu, Baba.

Sasa sikiliza. Huko kuongea nayo peke yake alikuwa ananirekodia sauti, na hazijanifika hata moja. Mtandao ukikata zinabaki humo, zinangoja. Nazitaka. Kiingereza hujui, basi hesabu mistari kama kozi za tofali. Fungua orodha ya vifaa kama nilivyokuchorea nyuma ya barua hii. Kozi ya saba ndiyo kifaa cha waifai. Kigonge mara mbili. Juu kuna vichwa vya kurasa, gonga cha mwisho kulia. Kiboksi cha kwanza kina alama ya vema. Alama hiyo ndiyo inairuhusu kompyuta izime waifai kuokoa umeme. Itoe.

Binti yako

Machi 18

Wewe binti. Mgongo unauma, mengine salama.

Nimehesabu kozi saba. Kiboksi hakuna. Nimerudia mara nne, hakuna. Unanichezea na matanga hayajapoa?

Na hiyo vema nani aliiweka? Mama yako hakuwa anagusa kitu.

Baba yako

Machi 24

Shikamoo. Pole na mgongo.

Umehesabu kutoka wapi? Kutoka juu, Baba! Juu kushuka chini!

Vema niliiweka mimi. Likizo ile nilipokuja nyumbani. Kila ukitoka kazini unafoka, "Hii mashine inakula umeme kuliko pasi." Nikaiweka ili unyamaze. Haya, umejua. Furahi.

Binti yako

Aprili 2

Binti. Mgongo umepoa.

Nimehesabu kutoka chini, ndiyo. Ukuta gani unaanzia juu? Miaka thelathini napanga tofali, sijauona. Ungesema mapema.

Leo nimehesabu kwa akili yenu. Kifaa nimekiona. Vema nimeitoa. Waifai imeshika, nikakaa saa nzima kwenye kiti cha mama yako, haikukata. Kazi ya dakika tano, kweli.

Zile sauti zimetoka. Kumi na moja. Nimeziona zinaondoka moja moja. Sikufungua hata moja, ni zako. Kama kuna mahali ananisema kuhusu umeme, usiniambie.

Wewe uliweka vema. Mimi nilifoka. Sikusamehe, na wewe usinisamehe haraka.

Kompyuta iko mezani pake, inawaka. Sijaizima. Wacha umeme uliwe.

Kesho narudi kazini.

Baba yako