Mwenye Nyumba wa Saa Sita

Kisangani, 14 Septemba 1964

Mama yangu mupenzi,

Salamu nyingi. Uko muzima? Na ule mugongo wako je? Siye hapa tuko, Mungu anatulinda. Barua hii nimemupa Lambert, anashuka muto mpaka Isangi na pirogue yake.

Mama, tumehamia nyumba ya matofali. Wakubwa wa Simba, waasi hawa walioshika muji, walimupa mume wangu Feruzi, juu ya kuwatengenezea vitanda na meza. Ilikuwa ya Wenceslas, karani wa serikali. Mwezi wa nane walimukamata, wakamuulia kwenye pont, ile daraja ya muto Tshopo, wakamutupa ndani ya maji.

Mama, anarudi. Jua likisimama juu ya kichwa, saa sita kabisa, anaingia, amevaa chemise, shati nyeupe ya ofisi, maji inamutiririka. Siku ya kwanza alisimama kwa mulango ya lupango, kule kwa uzio. Jana alifika barazani. Nikimuonyesha Feruzi, anageuza uso, anaendelea kupiga misumari. Kisha napanguza maji na mikono hii yangu. Niambie, nifanye nini?

Mutoto wako,
Mwanahamisi

Isangi, 29 Septemba 1964

Binti yangu Mwanahamisi,

Salamu. Mugongo ni ule ule, tuuache. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Sikiliza. Mufu akikuja jua likiwaka, hatafuti sala, anatafuta mutu. Usimusalimu, usimupe kiti. Na mume wako umuulize, lakini polepole: "Weye na huyu karani, muko na nini?" Kisha mutoke humo, hata kama ni kurudi kwenye nyumba ya majani.

Mama yako

Kisangani, 17 Oktoba 1964

Mama,

Salamu. Natumaini umeamka salama. Nilimuuliza. Mama, alilia! Simba walimukamata yeye kwanza, wakamuambia: "Tuonyeshe mutu wa serikali, ama utakufa weye." Akawaambia: "Wenceslas, amejificha chini ya kitanda chake." Na siye, Mama, tunalala kwenye kitanda hicho.

Hata hakumaliza kusema, yule mufu akaingia ndani. Akavuta kiti mwenyewe, akaketi mbele ya Feruzi. Feruzi akasema, "Papa, nisamehe, niliogopa." Mufu akaweka mukono juu ya mukono wake. Feruzi akaanguka chini.

Tangu saa ile mufu hajaonekana tena. Lakini Feruzi iko baridi, hasemi, anaangalia tu. Bon, nimemutuma kwako na Lambert, umutunze. Miye Simba wananizuia, nawashonea mashati; nikimaliza, nakuja. Nyumba imetulia, Mama. Jana nililala vizuri.

Mutoto wako,
Mwanahamisi

Isangi, 30 Oktoba 1964

Binti yangu,

Unisamehe, leo sina nafasi ya salamu. Feruzi alifika. Nikamuambia, "Karibu, mwanangu." Akanijibu: "Merci, madame." Feruzi, ule ananiitaga mama!

Nyundo hashiki. Aliomba kalamu na karatasi, na sasa anaandika kutwa, mwandiko muzuri wa ofisi. Weye unajua, mume wako anaweka dole gumba tu, hata jina yake hajui kuandika. Nguo zake naanika, hazikauki. Jana nikapata moyo, nikamuuliza: "Feruzi wangu iko wapi?" Akacheka kidogo. "Ndani ya maji, madame. Tumebadilishana." Kisha akauliza utafika lini, weye uliyelala kitandani kwake. Anauliza kila siku.

Naandika nimejificha kwa jikoni ya jirani Colette. Usikuje, Mwanahamisi. Barua ikifika na jina yangu, inakuambia ukuje, usiiamini. Acha mashati, acha nyumba, kimbia Bengamisa kwa tonton, mujomba wako Amuri. Nasikia ananiita kwa nje.

Mama yako

Isangi, 3 Novemba 1964

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema ya afya. Mimi ni mzima, na mume wako amepona kabisa. Njoo upesi, chumba chako kimekwisha kutayarishwa. Usijisumbue kwenda Bengamisa. Amuri nimekwisha kumwandikia.

Mama yako