Baba amkataa daktari mpya

Shoga, baba amekataa kupasuliwa. Amekataa akiwa ameshavalishwa gauni la upasuaji!

Kile kifuko cha kooni kinachonasa chakula, alichopasuliwa zamani, kimerudi, uji wa jana unampanda asubuhi, na daktari bingwa mpya amepatikana leo. Baba, fundi cherehani wetu, anamwambia, "Mwanangu, nguo niliyoshona mimi ikifumuka, inarudi kwangu. Namsubiri aliyenishona mwanzo."

Nikamwambia, "Baba, koo si suruali." Akanigeuzia mgongo. Mgongo, shoga!

Ikabidi daktari wa kwanza aitwe. Akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyemwomba aje akupasue. Kwa hili ananizidi." Baba akacheka, akakubali papo hapo.

Lakini chumba cha upasuaji kimeshapewa mgonjwa mwingine. Sasa baba anakohoa begani kwangu, ananiuliza mbona nimenuna.