Divai Nyekundu ya Gachoka

Jumatatu, 3 Februari
Glasi arobaini nimepangusa kabla ya saa nne. Miezi mitatu ya majaribio hapa hotelini Makutano inaisha wiki hii. Meneja, Bwana Mutwiri, ananipeleka harusi ya Gachoka Jumamosi. Divai yote ni juu yangu. Nikiharibu, narudi soko la Gakoromone kuuza ndizi na mama. Sirudi.

Jumatano, 5 Februari
Nimemwomba Bwana Mutwiri tupoze divai nyekundu kidogo. Amekataa.
"Red ni ya room temperature, Kendi. Friji ni ya white."
Joto la chumba, sawa. Chumba cha wapi? Stoo yetu Meru, asubuhi naingia na sweta. Gachoka jua linakufuata hadi kivulini. Hasira ninayo.

Ijumaa, 7 Februari
Mteja aliacha nusu chupa ya nyekundu. Nimeonja: laini. Nikaiacha dirishani, juani, hadi saa nane. Nikaonja tena. Dawa ya kikohozi!
Nimepita sokoni kuazima magunia manne. Mama hakuuliza ya nini. Alisema tu yasipotee kama yale mengine.

Jumamosi, 8 Februari
Harusini Gachoka, barafu yote ilienda kwa divai nyeupe na soda. Chupa za nyekundu zilikuwa moto, huwezi kushika shingo. Nikazifunga kwa magunia yaliyolowa, nikazipanga nyuma ya jikoni, kivulini, upepo unakopita. Yakianza kukauka, nayamwagia maji. Mama hupoza maziwa ya jioni hivyo, yasichachuke kabla ya gari la maziwa la asubuhi.
Bwana Mutwiri akanikuta.
"Unafunga wine kama waru, viazi vya sokoni? Wageni watasema nini?"
Nikamwambia aonje kwanza. Nikammiminia ya gunia, na ya chupa moja niliyoiacha mezani. Akaonja zote mbili. Akachukua jagi, akayamwagia magunia maji yeye mwenyewe.
Babu yake bibi harusi, aliyeapa hanywi kitu kichungu hivyo, aliomba glasi ya pili. Nilitaka kulia kwa furaha. Sikulia, kulikuwa na meza sita zikingoja.

Jumapili, 9 Februari
Nimelala hadi ibada ikanipita. Miguu inauma. Magunia yako kwa kamba ya nguo, yamekauka.
Bwana Mutwiri ametuma ujumbe. Majaribio yamekwisha, kesho saa mbili niwe kazini, na nije na magunia.
Mama atatafuta mengine.