Bakuli la Saa Nne

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nimeketi pale pale, nje ya chumba tulichokujengea mbali na moshi wa jiko, mgongo ukutani. Ni saa nne asubuhi, saa ya bakuli lako la pili. Kuku wamefika kabla yangu.

Unakumbuka siku nilipokutoa zahanati kule Sotik, ukiwa mwepesi hadi nikaona aibu? Mhudumu wa lishe alituambia mapafu yakichoka, hata kupumua kunakula nguvu, ndiyo maana mwili ulikuwa unaisha. Akasema ule kidogo kidogo, mara sita kwa siku, ukiwa umeketi wima, bila haraka. Chai ingoje hadi umalize, isije ikajaza tumbo bure. Kisha akanigeukia mimi: "Hakikisha amekula."

Nami nikahakikisha. Mke wangu Achieng', binti yako, akienda kuchuma chai, nilikuletea uji wa wimbi wenye maziwa, au yai lililopondwa pamoja na parachichi, nikasimama mlangoni kama askari jela. Ulisema tu, "Weka hapo, Baba Chebet. Nitakula." Wiki mbili baadaye mizani ikaonyesha umepungua tena. Kumbe kila nilipogeuka uliwamwagia kuku, ili nichukue bakuli niende zangu.

Nilikasirika, na leo naomba msamaha. Nilikuuliza kama ulikuja kwangu kufa. Ulivuta pumzi mara tatu kabla ya kunijibu. "Sasa mimi nitakulaje na mkwe wangu amenisimamia? Hata ukinipiga, siwezi."

Miaka yote ya ndoa, kanisani pamoja kila Jumapili, na mimi Mkipsigis wa watu nilidhani heshima hizo za kwenu, mkwe na mama mkwe kutoonana wakila, zilishaisha. Na kwetu pia zipo, sijui nilisahau vipi.

Ndipo nikahamia hapa nje. Dirisha wazi, wewe na bakuli lako ndani, mimi na kikombe changu cha chai huku, nikikusimulia habari za ng'ombe na za nani ameangushwa na bodaboda. Ulipenda kubishana nami kuhusu mahubiri. Ukininyamazia, nilijua unatafuna. Ukimaliza, uligonga bakuli kwa kijiko.

Mwezi wa tatu tangu uje kwetu, ulitembea mwenyewe hadi langoni kumpokea Chebet akitoka shule, ukipumzika mara mbili njiani. Mapafu hayakupona, tuliambiwa mapema hayatapona. Lakini ulipata mwaka mzima wa kufika langoni, nami niliyefiwa na mama nikiwa mdogo nikapata mama wa kuongea naye kila asubuhi. Asante, Mama. Asante sana.

Siku ile, kabla hatujakukimbiza hospitali ambako hukurudi tena, uligonga kijiko mapema. Nikaingia nikakuta nusu ya yai umeifunika kwa sahani. Nikaanza kulalamika.

"Hiyo ni yako," ukasema. "Mwaka mzima nasikia ukinywa chai tupu huko nje. Na wewe, nani anahakikisha umekula?"

Nilienda kuila upande wangu wa ukuta, tusivunjiane heshima.

Leo Achieng' ameniletea bakuli lako, yai na parachichi. Nimelimaliza lote, kuku hawakupata kitu. Sasa nagonga kijiko, Mama, usikie.

Pumua vizuri huko uliko.

Mkweo,
Baba Chebet