Mbuzi wa Ntheo na Injini ya Illasit

Mama Naliaka, Bwana asifiwe, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Niko na mume, Mutunga, mpiga picha na mwandishi, anatoa vitabu vya mashine za zamani, trekta, cherehani, hata posho mill za wakati wa mkoloni, na mimi sikatai kazi ya mtu, nimezoea kuambiwa nisipanguse kutu sebuleni kwa sababu eti kutu ndiyo uzuri, lakini sasa binti yetu Nthambi amepata mchumba na wazee wanaleta mbuzi wa ntheo Jumamosi, na sisi Wakamba bila hao mbuzi msichana hahesabiki bibi ya mtu, na baba ndiye wa kuwapokea, halafu Mutunga anasema siku hiyo anaenda Illasit kwa Mzee Parmuat, awashiwe injini ya kusaga iliyonyamaza miaka mingi, apate picha ya moshi wa kwanza ya kuweka mbele ya kitabu.

Nikamuuliza, "Baba Nthambi, na wageni?"

Akanijibu, "Mbuzi hata Jumapili watakuwa mbuzi. Moshi wa kwanza hautoki mara mbili."

Nthambi analia tu, anasema hao watu wataona babake amemkataa. Nimeomba, nimefunga, na sasa najaribiwa kuwaambia wageni Mutunga ni mgonjwa. Mungu atanisamehe?

Mama Nthambi, Kitengela

Pole, Mama Nthambi. Na hongera kwa kupata mume ambaye injini ikikohoa Illasit anaisikia akiwa Kitengela, lakini binti akilia chumba cha pili hasikii. Si kila mtu amejaliwa masikio kama hayo.

Lakini wewe pia! Umefunga, umeomba, umeniandikia mimi nisiyekujua, na mwenye injini hujampigia simu? Mpigie leo. Msalimie vizuri, kisha useme, "Mzee, Jumamosi mbuzi wa binti yetu wanaingia nyumbani, na baba yake atakuwa kwako akingoja moshi." Nyamaza hapo. Mzee aliyelea mabinti hatawasha hata kiberiti.

Ugonjwa usiutaje. Wazee watataka kumwombea chumbani, na watakuta kitanda kitupu. Utawaambia amepona?

Mwite kaka ya Mutunga akae tayari kupokea. Mutunga akikaza kichwa, wageni waambiwe ukweli: baba ameenda kupiga picha. Aibu iwe yake.

Na Nthambi umwambie leo, usingoje Ijumaa: mbuzi wake watapokelewa, baba awepo, asiwepo.