Fomu ya Ndugu wa Damu

Jumatano, 4 Septemba 2024

Nimefanya jambo. Sijui ni dhambi au ni adabu.

Leo tuliitwa Gombani, kwenye kliniki ya watafiti wa magonjwa ya mishipa. Baba alikufa na miaka arubaini na sita, kashika kifua. Kaka Suhail naye mwaka jana, vilevile, katikati ya kula. Wanasema mshipa mkuu unaotoka moyoni hutanuka kidogo kidogo mpaka upasuke, na huenda tunaurithi ugonjwa huu. Kwa hiyo wanapima ndugu wa damu tu.

Tumebaki wawili, mimi na Haroub. Na Haroub ni ndugu yangu wa ziwa! Mama yake, jirani yetu, alikufa siku ya saba baada ya kumzaa, mama yangu akamnyonyesha pamoja nami. Fomu ikauliza: baba mmoja, mama mmoja? Naye yuko ubavuni pangu, keshakunja mkono wa shati. Ningemwambia nini — rudi Tumbe ukauze samaki wako, wewe ni wa maziwa tu? Nikaandika Haroub Nassor. Jina la babangu. Na mwalimu wa bayolojia ni mimi.

Alhamisi, 5 Septemba

Kidato cha Tatu, mada ya urithi. Chaki imenikatikia mara mbili. Nimewaharibia watu utafiti wao.

Nimemweleza mama. Alikuwa anachagua mchele. Kasema aliyenyonya kwake ni wake, nikamuulize shehe yeyote. Nikasema hiyo ni sheria ya ndoa, damu haiijui. Akasema basi damu nayo ikasome.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilikwenda kukiri. Kliniki imefungwa, wenyewe wako bara na chupa za damu zetu. Nilifurahi. Halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Jumanne, 12 Novemba

Watafiti wamerudi na majibu. Sielewi kitu.

Mimi ninayo kasoro ya kurithi, ila mshipa wangu bado mzima. Nitapimwa kila mwaka. Haroub mshipa wake umeshatanuka, sentimita tano na kitu. Lazima Dar, wakate kipande kibovu, washone mrija wa kitambaa badala yake. Daktari kasema asingepimwa, pengine mwakani tungemzika.

Haroub! Wa ziwa!

Nikadhani chupa zimechanganywa. Daktari akasema hapana, wamerudia mara mbili, na mshipa ameuona kwa macho yake kwenye kioo cha mashine. Kasoro yake na yangu ni ile ile, hawajapata kuiona kwa mtu mwingine yeyote. Nikamuuliza, yaweza kupita kwenye maziwa? Akacheka. Imetoka kwa mtu mmoja, akasema, na kidole chake kikashuka kwenye jina la Nassor. Baba yenu.

Haroub alikuwa chumba cha pili, anapimwa tena. Mama alikuwa kwenye kiti karibu yangu. Njia nzima ya kurudi akazungumzia bei ya vitunguu.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Baba yuko kaburini miaka kumi na mitatu.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika hapa kliniki, kwenye benchi, mama kakaa ubavuni pangu. Haroub yuko kwa daktari. Safari ya Dar ni Jumatatu. Nimepewa fomu ile tena niihakikishe, niweke saini.

Nikamwambia mama polepole kwamba nitasema kweli. Baba mmoja ibaki, nitafuta mama mmoja, nieleze alivyonyonya. Mama akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Wacha vivo hivo ulivyoandika."

"Mama, lakini si mwanao wa kumzaa."

"Najua nani nimemzaa, nani sikumzaa."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akatazama mlango wa daktari kwanza.

"Yule mtoto alikuwa na shangazi zake watatu, wote wana maziwa. Walikuja kumchukua. Mie n'kawakatalia."

Kwa hiyo alijua. Kamweka kifuani mwake na anajua! Ni huruma? Ni adhabu, amkalishe baba na sura ile kila siku mezani? Nikataka kuuliza. Kiganja bado kiko juu ya fomu.

Haroub katoka sasa hivi. Kakaa upande wa pili wa mama, kamwegemea begani. Anamuuliza kama Dar atamsindikiza.