Diski Moja Niliyoihesabu Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: mimi ndiye niliyefuta alama za shule nzima. Nina miaka kumi na sita, ni msichana wa kukaa na vitabu kuliko watu, na fundi wa kompyuta wa shule yetu, tunayemwita Mama Waya, ndiye mtu mzima wa kwanza kunifungulia chumba cha seva bila kuyacheka maswali yangu, akaniazima vitabu vyake, akanionyesha seva zetu mbili zinavyobeba kompyuta pepe, yaani za programu tu zisizo na mwili wake, za ofisi zote na kutumia kabati moja la diski, kila seva kwa nyaya mbili ili mmoja ukikatika mwingine uendelee, na akanieleza kwamba seva isipopangwa kujua kuwa njia hizo mbili zinafika kwenye diski ileile, huiona diski moja kama mbili. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa, nikaona haya kumwomba arudie, na siku aliyoniachia seva ya pili niiwekee mpangilio huo nikaona diski mbili za ukubwa uleule, nikasema moja bila shaka ni ya akiba, nikaifomati, yaani nikaifuta ianze upya. Punde karani akaja mbio, "Fundi, alama hazifunguki!" Mama Waya alitazama skrini, akanitazama, akasema tu, "Wewe nenda nyumbani ukale." Kwa siku tatu alirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala, na mwalimu mkuu alipouliza akajibu, "Kosa ni langu." Sasa bodi itakaa mwisho wa mwezi kuamua kama abaki kazini, nami namshukuru moyoni kila siku, lakini mdomo haufunguki. Nifanye nini?

*

Mwanangu, vuta pumzi. Barua yako haikuniachia pa kupumulia.

Una moyo wa shukrani, na wengi hawana. Lakini shukrani unayoniandikia mimi itamfaa nini Mama Waya siku ya kikao? Diski uliifuta kwa kutojua. Hilo nakusamehe bila hata kuielewa vizuri hiyo mitambo yenu. Kunyamaza, unanyamaza kwa kujua. Na yote yameanzia kwenye haya: mficha uchi hazai. Kusema "sijaelewa" kungekula dakika moja.

Huyo mama amekukinga mvua; usimwache alowe peke yake. Leo hii andika ukurasa mmoja: ulichoambiwa, ulichokiona, ulichobonyeza. Usijipambe, usijitukane. Mpelekee yeye kwanza, asije akasikia kwa wengine, kisha mwalimu mkuu. Ukilia, lia, lakini umalize kusoma.

*

Mshauri, nakushukuru sana. Nilimweleza mama, akasema, "Kumbe ndiyo maana huli." Mama Waya aliusoma ukurasa wangu amesimama, akaniambia, "Na mimi nilikosa, sikukaa nawe siku ile. Ongeza hilo." Nikaongeza. Nilimsomea mwalimu mkuu, nikalia katikati, nikamaliza. Bodi imempa Mama Waya onyo la maandishi, na kazi anayo. Mimi nimezuiwa kuingia chumba cha seva muhula mzima. Siku nilipopewa habari hiyo nilimkuta Mama Waya anafunga mlango wa chumba hicho, nikamwambia asante kwa sauti ya kusikika, nikambebea kasha la nyaya hadi ofisini kwake, nikaenda darasani.